Kalibu Sita za Bawa la Buluu

Fungeni huo mlango wa upande wa bustani, upepo wa Mlima Ibuki umeanza kupenya na mimi sina tena nyama ya kuuzuia. Kazuteru, kaa hapa kuliani kwangu, mahali pako pa zamani. Misuzu, binti yangu, iache hiyo birika, chai nimekunywa ya kutosha kwa miaka themanini na sita; njoo ukae kushoto. Nisikilizeni, wanangu, wala msinikatize, maana pumzi iliyobaki naitoa kwa kipimo, na nikiimaliza katika kubishana hamtapata nyingine. Daktari alimwambia Misuzu wiki mbili, Misuzu akaja kuniambia miezi miwili, nami nikamtazama jinsi anavyokunja kitambaa cha mkononi nikajua hesabu ya kweli. Uongo huo nimeusamehe. Yapo mengine ambayo sijayasamehe, na ndiyo niliyowaitia.

Nianze na lililonikaa kooni. Mikono hii mnayoiona imelala juu ya shuka, mikavu kama ngozi ya tunda la kaki lililoanikwa, inajua jambo ambalo leo katika nchi nzima huenda halijulikani na watu kumi: kuisawazisha kwa mkono kalibu, lile umbo la chuma linalolipa bawa la ndege ya kivita sura yake, mpaka bawa litoke tanurini bila kosa. Ile barua iliyo chini ya madhabahu ya wazee wetu mmeisoma. Vijana wa Kampuni Mzazi wanataka kuja tarehe ishirini na kamera zao, waipige picha mikono yangu ikifanya kazi, kwa sababu nchi inaunda ndege mpya pamoja na nchi mbili za Ulaya, na wamekuja kugundua kwamba waliokuwa wakiijua kazi wamekufa. Nilimwambia Misuzu awajibu kwamba mimi pia nimekufa. Nilikuwa nimeapa kuondoka na siri yangu, wao wabaki na kamera zao. Kiapo hicho kimevunjwa na mmoja wenu kwa neno moja tu, na nitafika huko, msiniharakishe.

Tunaiita Kampuni Mzazi kama karakana zote za hapa Kakamigahara zinavyoiita kampuni kubwa inayozilisha. Mzazi gani mwenye watoto mia nne asiyejua jina la hata mmoja? Lakini tulilelewa hivyo, kuinamisha kichwa lori lake linapoingia, na kuinamisha tena linapotoka.

Babu yenu hamkumjua vizuri, mlimjua akiwa mzee wa kuota jua barazani. Wakati wa vita alikuwa fundi wa mabati ya ndege. Ndege ziliundwa Nagoya na uwanja wa kuzirusha uko huku kwetu, na barabara zilikuwa za mashimo, kwa hiyo ndege yenye kasi kuliko zote ilifunguliwa vipande vipande ikapakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, na babu yenu akatembea kando yake safari nzima kuangalia bawa lisigongwe. Alikuwa akicheka akisimulia: "Ndege ya mwendo wa radi, lakini ng'ombe akisimama kukojoa, tunasimama sote na maofisa wetu." Lakini alijua ni vijana wangapi walipanda vile vyombo wasirudi, na kila tarehe kumi na tano ya mwezi wa nane, siku vita vilipokwisha, hakutia kitu kinywani mpaka jua lizame. Kwa hiyo msije mkanifanya mpenda vita. Mji huu ulipopigwa mabomu nilikuwa na miaka sita, mama yangu akanizamisha kwenye mfereji wa mpunga akanilalia, na harufu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Vita vilipokwisha tukakatazwa kuunda ndege, miaka saba, hata kuichora ilikuwa hatari. Babu yenu akayachukua mabati yaliyosalia akafua masufuria. Lile sufuria lililobonyea ubavuni, ambalo Misuzu amenipikia uji wa mchele leo asubuhi, lingekuwa ubavu wa ndege. Mfinyanzi hulia gaeni, na fundi wa ndege aliwalishia watoto wake sufuriani. Walipomruhusu tena, akakuta dunia imeacha rafadha za kuzunguka puani, inaruka kwa moto, naye hajui pa kushika. Akaniambia maneno ambayo nawakabidhi kama nilivyoyapokea: "Tokizo, ujuzi hauwekwi ghalani kama mpunga. Mkono ukikaa bure miaka saba, utatumia thelathini kuurudisha."

Watu wa televisheni wanasema kununua ni nafuu. Nani kakataa? Wali wa dukani nao ni nafuu kuliko kulima. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nimeziona hizo ndege za kununua pale uwanjani, ndani zina masanduku yaliyopigwa lakiri, fundi wetu haruhusiwi hata kuchungulia, sanduku likiugua linasafirishwa kwao, na ndege inakaa chini ya turubai ikingoja huruma ya mtu aliyelala upande wa pili wa dunia. Ya nyumbani ikivunjika, simu ililia hapa jikoni, Misuzu akaipokea na unga mikononi, na siku ya nne kipande kilikuwa kimefika. Nguo ya kuazima haisitiri, wanangu. Na aliyekuazima hakosi siku ya kukukumbusha mbele ya watu.

Ndiyo maana ilipokuja zamu ya ndege ya buluu, ile yenye rangi ya bahari, nililia. Naam, nililia, mama yenu Fusae ndiye shahidi na keshatangulia. Tuliambiwa itakuwa yetu kuanzia ncha hadi mkia. Bawa lake halikuwa la bati, lilikuwa la kitambaa cheusi cha nyuzi za kaboni, kinachotandazwa juu ya kalibu ya chuma tabaka kwa tabaka kisha kinaokwa, bawa linatoka zima bila misumari. Hakuna aliyekuwa amelifanya hivyo kwa ndege ya vita. Kalibu sita za bawa hilo zilitengenezwa hapa, nyuma ya nyumba hii.

Mashine hukata chuma, lakini chuma ni kiumbe, kikipata joto kinajinyoosha, kikipoa kinajikunja, na mashine haijui hilo. Kilichobaki ni mkono. Unapaka rangi nyekundu kwenye bamba la kupimia, unalilaza juu ya kalibu, unaliinua, palipogusa rangi ndipo palipoinuka, unapakwangua kwa kikwanguo kiasi cha unywele uliopasuliwa mara kumi, unapaka tena, unalaza tena. Siku tisini kwa kalibu moja. Nilijua vitu ambavyo havikuwa kwenye mchoro wowote, na mhandisi wa Mzazi, Bwana Hasebe, alikuwa akija kunitazama akitikisa kichwa. Alikuwa kijana mwenye miwani mizito na adabu nyingi. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa Kazuteru, tufike kwako. Ulianza kazi ukiwa na miaka kumi na minane. Nami nikakulea kama babu yenu alivyonilea, maana sheria ya mafundi wetu mnaijua: ujuzi haufundishwi, unaibwa kwa macho. Bwana kazi hasemi. Mwanafunzi anafagia, anatia mafuta, anatukanwa, na jicho lake linaiba kidogo kidogo. Asiyeweza kuiba hakustahili kupewa. Miaka saba ulisimama nyuma yangu, na katika miaka hiyo saba somo nililokupa kwa mdomo lilikuwa moja: "Usinitazame usoni, tazama mkono." Ukiuliza swali nilikugeuzia kisogo. Ukigusa kalibu nilikupiga mkononi kwa kipini cha kikwanguo. Niliamini nakujenga. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, lakini kumbe kuna mkunjo na kuna kuvunja, na mimi sikujua tofauti yake.

Ndipo siasa ikaingia. Rafiki mkubwa wa nchi yetu ng'ambo ya bahari akakasirika kwamba tunaunda yetu. Wakakaa mezani watu wasiowahi kushika kikwanguo, wakakubaliana kwamba ndege ya buluu iundwe pamoja, juu ya umbo la ndege yao. Wakatupa kiwiliwili, ubongo wake wakaufungia kwao, na sisi tukadaiwa bawa. Bwana Hasebe akaja hapa mvua ikinyesha, akapiga magoti kwenye jamvi hili hili, paji la uso chini. Akaniambia, "Bwana Iwahori, ni amri ya juu. Watakuja wageni, tafadhali waonyeshe kila kitu." Nikamuuliza, nikishatoa kila kitu, nabaki na nini? Akainua uso wenye machozi, nami niliyaona kwa macho yangu, akasema: "Zitunze kalibu hizi. Siku nchi hii itakapounda ndege yake tena, mlango wa kwanza kubishwa utakuwa huu." Sikumdai karatasi. Sikumdai muhuri. Mwanamume alikuwa amelia nyumbani kwangu, nikaona kudai muhuri ni kumtukana.

Wageni wakaja, na mmoja wao akawekwa kwangu wiki sita, Bwana Karlson, jitu la mikono kama majembe. Wewe Kazuteru nilikuhamishia karakana ya mbele kutoboa vyuma vya kawaida, kwa sababu mkataba ulisema ndani tuingie sisi wawili na mkalimani tu. Mkalimani mwenyewe alikuwa kijana wa ofisini asiyetofautisha kikwanguo na nyundo. Maneno yakatushinda siku ya kwanza. Siku ya pili nikafanya nililofanya, nanyi sasa mnalijua.

Majira yale ya baridi ulikuja ukaniuliza utaruhusiwa lini kugusa kalibu. Nikakujibu, "Bado." Ukauliza, "Bado mpaka lini, Baba?" Nami nikaendelea kula. Kesho yake ulikuwa umeshaondoka kwenda Hamamatsu, miaka thelathini na mitatu sasa, unatengeneza kalibu za plastiki za masanduku ya chakula cha mchana. Watu wakiniuliza nilisema, "Mwanangu anaunda vyombo vya kuwekea mayai," nao wakacheka, nami nikacheka nao. Mimi baba yako nilicheka nao.

Kalibu nilizitunza. Mnajua desturi ya hapa: mali ni ya Mzazi, banda ni la mtoto, na mtoto anaitunza bure bila kuuliza mpaka lini, maana kuuliza ni kuonyesha kwamba huna imani. Zilijaza banda lote la nyuma. Mama yenu alitaka pale tumjengee jiko lenye dirisha la kusini. Nikamwambia subiri, watakuja. Alisubiri miaka ishirini na miwili, akafa akipika kwenye giza, na hakulalamika isipokuwa mara moja, aliposema, "Baba Kazuteru, hizo kalibu zimeolewa kabla yangu." Kila mwaka mpya nilizifungua, nikazifuta, nikazipaka mafuta, nikazifunga turubai jipya.

Wimbi lile kubwa la bahari lilipopiga kaskazini, mama yenu angali hai, ndege za buluu zikalala matopeni na maji ya chumvi tumboni. Utengenezaji wa ndege hizo ulikuwa unafungwa. Simu ikalia jikoni: Bwana Iwahori, zile kalibu bado zipo? Nikasema zipo, zinang'aa. Tulifanya kazi miezi mitano mimi na wazee wenzangu wawili, ambao sasa wote ni majivu, na baadhi ya zile ndege zikaruka tena. Siku ya kwanza moja ilipopita juu ya paa hili nilitoka barazani na soksi. Ukiona vyaelea vimeundwa, na hivi vinavyoelea angani nilijua nani kaviunda. Nikamwambia mama yenu, umeona sasa? Akasema ameona, akarudi kwenye giza lake kupika.

Miaka mitatu iliyopita, zikatangazwa habari za ndege mpya. Nikanyoa, nikavaa suti, nikakaa kungoja mlango ubishwe. Ikaja barua ya mistari minne. Kwamba bawa la sasa linaundwa kwa njia nyingine, kwamba wanashukuru kwa ushirikiano wa miaka mingi, na kwamba kalibu sita zilizoko kwetu tunaweza kuzitupa kwa wakati utakaotufaa na kwa gharama yetu. Fadhila ya punda mateke, lakini punda walau hupiga teke mwenyewe, hatumi barua.

Nikapanda treni mpaka Nagoya, kwenye nyumba ya wazee anakoishi Bwana Hasebe. Akili yake ni nzima. Alinikaribisha vizuri, akanimenyea chungwa. Nikamkumbusha mvua, nikamkumbusha magoti yake jamvini, nikamkumbusha mlango wa kwanza. Aliniangalia kwa huruma, wanangu, kwa huruma, kama mtu anayemwona mtoto aliyeamini hadithi. Akasema: "Iwahori, yale yalikuwa maneno ya adabu tu. Nilidhani unaelewa."

Nilidhani unaelewa. Kila mtu wa nchi hii anaelewa kwamba mwenyeji akikuambia karibu tena wakati wowote, maana yake nenda. Mimi mwenyewe nimewaambia watu mia moja karibuni tena. Lakini alilia, na mimi fundi wa kupima chuma kwa kiganja sikuweza kupima machozi. Niliweka nyumba yangu yote juu ya adabu ya mtu. Nikaliacha chungwa lake mezani, nikarudi, na ndani ya treni ile ndipo nilipoapa kwamba nitakufa nimefunga mdomo.

Misuzu, nipe maji. Kidogo tu, ulowanishe midomo. Basi.

Mwezi uliopita kikaja kifurushi kutoka ng'ambo. Bwana Karlson amekufa, na mkewe ameona daftari lake la wakati ule lirudi kwa mwenyewe. Misuzu hakunionyesha kwanza; alikutumia wewe, Kazuteru, na alifanya vema, maana ningelichoma. Umelifasiri usiku na mchana, nimesikia, ukurasa kwa ukurasa, na mle ndani yule bwana ameandika kila kitu na kuchora. Amechora mkono wangu juu ya mkono wake. Ukapanda treni ukaja ukasimama pale mlangoni, baada ya miaka thelathini na mitatu, hukunisalimu, hukuniuliza hali. Ulisema neno moja: "Baba, mzungu ulimshika mkono."

Siku tatu sijakujibu. Leo najibu.

Ni kweli. Nilimshika. Nilimsimamisha mbele yangu, nikaweka mkono wake chini ya wangu, nikausukuma kwa nyonga yangu ili ajue nguvu inatoka wapi. Alipokosea nilicheka, nikamwonyesha tena. Alipopatia nilimpigapiga begani. Wiki sita. Mtu aliyekuja kuchukua nilimpa kwa mikono miwili, na mtoto aliyezaliwa kupokea nilimpa kisogo na kipini cha kikwanguo. Nilikuwa nikijiambia niliamriwa. Amri ilisema nimwonyeshe. Haikusema nimpigepige begani. Nilifanya hivyo kwa sababu kilikuwa kitu kitamu, kufundisha. Sikuwahi kukionja kabla, na nilikionjea kwa mgeni. Nimewalaani Mzazi, nimemlaani Hasebe, nimewalaani wakubwa walioliuza bawa mezani, na laana hizo sizirudishi, walistahili. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Ujuzi wa nyumba hii haukupotea pale nchi iliposaini, ulipotea siku niliyokujibu "Bado" nikaendelea kula. Nchi isiyowafundisha watoto wake itanunua kwa majirani, na mimi nilikuwa nchi hiyo ndogo.

Nisamehe, mwanangu. Sijawahi kulitamka neno hili kwa mtu niliyemzaa. Usinijibu kwa maneno ya adabu. Kama bado, sema bado.

Kuna jingine, na hili ni lako Misuzu, acha kuinama. Mwaka jana miguu ilipokwisha nilikuomba unisukume kwa kiti mpaka bandani niziage kalibu. Nikaweka kiganja juu ya ile ya tatu, mahali ninapopajua, palipokuwa na doa la kutu. Doa halikuwepo. Mtu alikuwa amelikwangua, na alipomaliza akasawazisha mazingira yake yote, asiache shimo. Hiyo haikuwa kazi ya kitambaa na mafuta. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua. Miaka thelathini umeniletea chai karakanani, umefagia, umepokea simu, na mimi sikukukataza kutazama kwa sababu sikukuona. Uliiba kwa macho kama sheria inavyotaka, ukawa mwizi bora kuliko wote. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza. Niliondoa kiganja, nikasema, "Nirudishe ndani, baridi." Nisamehe na wewe.

Sasa mali, upesi. Nyumba na ardhi ni vya Misuzu. Kazuteru ana yake. Karakana na zana ni zenu wote wawili, na asiuze mmoja bila mwenziwe. Sufuria la babu abaki nalo Misuzu, aendelee kulipikia, lisiwekwe kabatini kama sanamu. Kalibu tano tupeni, mmenisikia, waiteni watu wa chuma chakavu, na pale pajengwe jiko lenye dirisha la kusini, picha ya mama yenu itundikwe humo. Ile ya tatu bakizeni ya kujifunzia.

Kwenye mazishi yangu Mzazi akileta maua, yapokeeni kwa kuinamisha kichwa, kisha yawekeni nje. Bwana Hasebe akija na gongo lake, mpeni kiti na mwacheni achome uvumba, ila awe wa mwisho. Akisema ataendelea kuwakumbuka, mwambieni asante, wala msimwamini. Hatudaiwi na mtu isipokuwa muuza miso ya soya wa pale kona, Misuzu anajua.

Na wale vijana wa tarehe ishirini. Msiwaambie nimekufa, hata kama nitakuwa nimekufa. Waingizeni ndani. Ndege hiyo mpya ni nusu yetu, theluthi yetu, sijui, lakini vijana watakaoipanda ni wetu wote, na babu yenu hakufunga kila mwaka ili mimi nifiche. Ila kamera zibaki mlangoni. Anayetaka kujua avue saa, anyooshe mkono, na kabla ya hapo aandike: karakana hii inafundisha, kwa masharti haya, kwa miaka hii. Muhuri. Na muhuri wa pili. Mtu akilia, mpeni kitambaa ajifute, kisha mpeni karatasi.

Nimechoka. Usiite daktari, Misuzu, bado.

Wanangu. Mikono yenu isikose kazi, na kazi yenu isikose mwenyewe. Mlichonacho kiwe chenu, mkitoe kwa kupenda. Wazee wetu wawasimamie nyuma kama nilivyopaswa kusimama mimi. Msinyamaziane mezani. Mwenye swali ajibiwe.

Nileteeni kikwanguo. Kipo chini ya mto, nililala nacho, sikuwaambia. Na kile kipande cha chuma cha dirishani. Kilaze hapa, kifuani kwangu, hakinielemei. Kazuteru, mkono. Chini ya wangu. Misuzu na wewe, juu, nishikilieni, mkono wangu hauna nguvu. Hivyo.

Msipime kwa ncha za vidole, zina sugu, zinasema uongo. Pimeni kwa hapa, pembeni mwa kiganja, chini ya kidole kidogo, ngozi yake haikomai. Daftarini hilo limo? Limo. Basi hili halimo: pimeni alfajiri, kabla jua halijapiga paa. Kalibu inakuwa imelala. Katikati yake bakizeni chini kidogo, unywele... tanuri litainua lenyewe. Hili sikumwambia. Nilibakiza moja. Nilikuwa nakuwekea.

Sukuma. Kwa nyonga, siyo bega. Toa pumzi ukisukuma. Tena.

Umesikia? Tena, mwanangu.

Usitazame mkono, Kazuteru. Nitazame usoni.